Tupeane uzoefu: nyumba kando ya barabara mpya ya lami mtaani, Malindi na jirani zake

Mjenzi wa Barani

Assalam aleikum ndugu na dada. Uzi huu ni wa wanaojua mambo ya nyumba iliyo kando ya njia ya mtaa inayopanuliwa na kuwekwa lami. Leteni vipimo, hatua, na kasoro zinazojirudia. Visa vya fulani kuzozana na fulani tuviache.

Naanza na jambo linalosahaulika. Watu huogopa rola na malori, lakini kinachomaliza nyumba zetu za mawe ya matumbawe ni kimo cha barabara. Rola hupita siku chache likaondoka. Barabara iliyokaa juu ya sakafu yako italeta maji kila masika, na mwezi wa tano mnaujua.

Kwa hiyo kabla ya yote muulize msimamizi wa kazi: mnachimba ndani au mnajaza juu? Tabaka la chini la maramu huwa sentimita 15 hadi 20, la pili 15 nyingine, kisha lami kama 5. Yakipangwa yote juu ya njia ya zamani bila kuchimba, mgongo wa barabara umepanda sentimita 35 hadi 40. Barabara ya upana wa mita 7 huinamishwa pande zote mbili kwa asilimia 2.5, hivyo ukingo unakuwa chini ya mgongo kwa karibu sentimita 9. Toa 9 kwenye 35: ukingo ulio mbele ya mlango wako uko sentimita 26 juu ya ardhi uliyoizoea. Kama kizingiti chako kimeinuka sentimita 15 tu, maji yakishafika ukingoni yanaingia ndani.

Kujipimia ni rahisi. Chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, wa nusu inchi, mita 15 au 20. Ujaze maji polepole mpaka usibaki povu hata moja, kwani povu moja hudanganya kipimo chote. Mtu mmoja ashike ncha kwenye kigingi cha mpimaji, pale penye alama ya kimo cha mwisho, mwingine ashike ncha ya pili kwenye ukuta wako. Maji yakitulia, piga mstari ukutani kwa penseli. Hapo ndipo lami itakapokuwa. Mstari ukiwa juu ya kizingiti, peleka barua wiki hiyo hiyo, kwa sababu kimo hubadilishwa kwenye karatasi na maramu, lakini lami ikishamwagwa hakuna atakayeikwangua.

Mwanamaweni

Shukran shekhe. Swali: alama ya kigingi tutaijuaje? Vingine vina rangi nyekundu, vingine vina misumari tu.

Sevea wa Zamani

Bi Mwanamaweni, vigingi ni vya aina mbili na kuvichanganya ndiko kunakozaa ugomvi. Kimoja kinaonyesha upana, yaani mwisho wa hifadhi ya barabara, ile tunayoiita rizavu. Kingine kinaonyesha kimo, nacho huandikwa namba ya kupanda au kushuka kutoka kwenye msumari au mstari. Muombe kijana wa levo, yaani chombo cha kupimia kimo, akusomee namba hiyo, kisha uiandike na tarehe.

Kwa upana, usitegemee ua wala mti. Tafuta bikoni zako za zege, yaani alama za mpaka wa kiwanja, na kama zimefukiwa lipa mpima ardhi mwenye leseni azifufue kabla greda halijafika. Greda huzing'oa bila dereva kujua. Ukuta ulioingia ndani ya rizavu huna madai ya ardhi. Ukiwa ndani ya kiwanja chako na barabara inakihitaji, hapo ni utwaaji wa lazima chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012. Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza nia kwenye gazeti la serikali, kisha huitisha kikao cha uchunguzi, na tangazo la kikao hicho lazima litangulie kwa siku 15 au zaidi. Peleka madai yako kwa maandishi siku ya kikao au kabla yake. Fidia huhesabiwa kwa bei ya soko, ikaongezwa asilimia 15 ya usumbufu. Wengi hawaiulizi ile 15.

Dereva wa Rola

Kuhusu mtetemo, nieleze unavyotokea. Rola kubwa lina mzigo unaozunguka ndani ya ngoma, na dereva anaweza kuuwasha au kuuzima. Ubaya zaidi ni wakati wa kuuwasha na wakati wa kuuzima, mzunguko unapopanda au kushuka na kupita mahali ambapo sakafu na ukuta navyo hupenda kutikisika. Dereva mzuri haanzishi wala hazimi mtetemo mbele ya nyumba. Huuwasha akiwa mbali na huuzima akishapita.

Ukuta wa zamani ukiwa chini ya mita 5 kutoka ukingoni, omba kwa maandishi mambo mawili: rola lipite bila mtetemo, au litumike rola dogo la kusukuma kwa mkono, na maramu ishindiliwe kwa matabaka membamba ya sentimita 7 hadi 10 badala ya 15. Kazi itachukua muda mrefu zaidi, lakini ugumu ule ule hupatikana.

Kisha tusidanganyane. Mtu huanza kuuhisi mtetemo ukiwa kama milimita 0.3 kwa sekunde. Kanuni za Kenya za kelele na mtetemo za 2009 zimeweka kikomo cha sentimita 0.5 kwa sekunde, yaani milimita 5, nje ya mpaka wa mahali pa kazi au mita 30 kutoka kwa mtambo unaotembea. Vikombe kulia kabatini si ushahidi kwamba ukuta umeumia. Ushahidi ni ufa uliopimwa kabla na baada.

Mjenzi wa Barani

Hapo ndugu yetu Dereva amegonga penyewe, na ndipo wengi hushindwa madai. Piga picha kila chumba kabla mtambo wa kwanza haujaingia: kona nne, juu ya kila dirisha na mlango, na mahali ukuta wa kati unapokutana na wa mbele. Weka rula au sarafu kando ya kila ufa ili ukubwa uonekane. Kwenye ufa wenyewe, weka alama za penseli kwenye ncha zake zote mbili na uandike tarehe. Ukirefuka utaona.

Kisha bandika kiraka cha jipsamu juu ya ufa: urefu sentimita 10, upana 5, unene milimita 5 hivi. Kwangua rangi kwanza na uloweshe ukuta, la sivyo kitabanduka chenyewe na hakitakuambia kitu. Andika tarehe juu yake. Kikipasuka katikati, ufa uko hai. Mkandarasi akileta watu wake wa kukagua nyumba, usitie sahihi mpaka upewe nakala yenye picha.

Fundi wa Chokaa, Lamu

Salamu kutoka Amu. Huku mjini magari si tatizo letu, lakini mawe ni yale yale na boriti ni zile zile, kwa hiyo niseme la kuziba nyufa, maana nasikia Malindi watu wanakimbilia simiti.

Msizibe ufa wa ukuta wa matumbawe kwa simiti. Simiti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, kwa hiyo ukuta ukisogea kidogo ufa mpya unafunguka pembeni ya kiraka, na safari hii unakata jiwe. Na upande wa chini ni vibaya zaidi: jiwe la matumbawe hunywa maji kutoka chini pamoja na chumvi. Plasta ya simiti huyafungia ndani, maji yakapanda juu zaidi, kisha plasta ikavimba na kudondoka kwa mabamba.

Fanyeni hivi. Ngojeni rola liondoke na kiraka cha jipsamu kikae angalau miezi miwili bila kupasuka. Panua ufa kwa patasi mpaka upate jiwe zima, toa vumbi kwa brashi, lowesha jioni na tena asubuhi. Chokaa iliyoroweshwa vizuri, sehemu 1 kwa mchanga 3. Mchanga usiwe wa ufuoni, maana una chumvi. Ufa unaozidi kidole ujazwe kwanza vipande vidogo vya matumbawe, halafu chokaa kwa matabaka yasiyozidi sentimita 1, kila tabaka likae siku kadhaa chini ya gunia bichi. Jua la kaskazi likiipiga chokaa mbichi huwa unga.

Ufa uliopanuka juu kuliko chini kwenye kona ya mbele si wa kuziba. Kona hiyo inazama au inaegemea nje, na chanzo chake ni msingi. Angalieni pia vichwa vya boriti kwenye ukuta wa upande wa barabara. Dari za zamani hushikwa na boriti za mkoko za kama mita 2.8, na kichwa kilichooza ndani ya ukuta hakionekani mpaka mtetemo ukitikise. Chomeni kwa bisibisi nyembamba. Ikizama kwa urahisi, tieni nguzo ya muda chini yake kabla ya kazi kuanza.

Mtaro na Maji

Nirudi kwenye maji. Mvua ya milimita 50 kwenye nusu ya barabara, mita 3.5 kwa upana na mita 15 mbele ya kiwanja chako, ni lita 2,625. Bado hujahesabu zinazotoka kwa jirani aliye juu yako wala za bati lako. Mtaro ndio unaozipeleka, na wenye nyumba wenyewe ndio huuziba kwa kujaza mawe na kifusi ili gari au tuktuk ipite.

Kivuko kizuri kwangu ni bamba la zege linaloinuliwa. Bomba si baya likiwa la kipenyo cha sentimita 60, lakini la 30 kwenye mchanga wetu wa Malindi huziba msimu wa kwanza na hakuna beleshi linaloingia kulisafisha. Bamba la kupita watu na pikipiki: upana sentimita 60, urefu 100, unene 10, nondo za milimita 10 kila sentimita 15 pande zote mbili, simiti 1, mchanga 2, kokoto 4. Litakuwa kama kilo 145, watu wanne wanaliinua. La gari litiwe unene wa 15 na nondo za 12, na hilo hufika kilo 215, mtafute watu sita. Acha vyuma viwili vya kushikia juu, na urefu wa bamba uzidi mtaro kwa sentimita 15 kila upande. Limwagilie maji siku 7 kabla ya kulikanyaga.

Jambo jingine dogo: kama shimo la choo liko kati ya nyumba na njia, lizungushie mawe na kitambaa chekundu mapema. Malori ya kokoto huegeshwa popote penye nafasi.

Mwanamaweni

Na vumbi? Tunavuna maji ya mvua kwenye bati, na mama zetu wana pumu.

Mtaro na Maji

Pole Bi. Fuata upepo: kusi ikivuma fungeni madirisha ya kusini na mashariki, kaskazi ikivuma ya kaskazini na mashariki. Maji ya boza yamwagwe angalau asubuhi na mchana. Yasiwe ya bahari, kwani chumvi hubaki kwenye maramu, hupanda na jua, na huinua lami nyembamba kama malengelenge.

Kwa bati, usiunganishe gata na tangi moja kwa moja. Weka bomba la kusimama linalopokea maji ya kwanza. Kiasi cha chini ni nusu milimita ya mvua: bati la mita 10 kwa 8 ni lita 40. Bomba la kipenyo cha sentimita 15 lenye urefu wa mita 2.3 linatosha. Chini yake tia kifuniko cha kufungua, na ukifungue kila baada ya mvua, maana likibaki limejaa halizuii chochote. Siku ya kupuliza lami nyembamba ya awali, ile nyeusi yenye harufu ya mafuta ya taa, toeni gata kabisa, ondoeni nguo kambani, na mgonjwa wa pumu alale kwa jamaa siku mbili. Lami ikigusa mguu wa mtoto, pakeni mafuta ya kupikia kisha sabuni. Petroli hapana.

Dereva wa Rola

Nyongeza kuhusu matuta. Kila mtu analitaka mbele ya mlango wake kwa ajili ya watoto, nami naelewa. Lakini lori tupu likilipanda, bodi yake hugonga na ardhi hutikisika kila usiku. Ombeni tuta liwe mita 25 au zaidi kutoka dirisha la kulala, na liwe pana la mita 3.7 kwa kimo cha sentimita 10, si kile kigongo chembamba cha kumwagwa kwa karai.

Sevea wa Zamani

Kabla hamjalala: bomba la kuvukia barabara. Kama maji au umeme wako unatoka ng'ambo, au huenda ukauhitaji baadaye, laza bomba la PVC la sentimita 11 chini ya barabara kabla maramu ya kwanza haijashindiliwa, kina cha sentimita 80 kutoka kimo cha lami ya mwisho, likitokeza nusu mita kila upande zaidi ya mtaro. Pitisha kamba ya nailoni ndani, ziba ncha zote kwa vifuniko, kisha andika ukutani umbali wake kutoka kwenye kona ya nyumba. Kukata lami baadaye kunataka kibali na gharama ya kurudishia, na kiraka chake ndipo shimo la kwanza la barabara hufunguka.

Mwanamaweni

Na tukigundua mtaro umejengwa ukipanda badala ya kushuka?

Sevea wa Zamani

Mwageni ndoo tatu mbele ya shahidi na mchukue video mkionyesha maji yanakoelekea. Andikeni kwenye daftari la malalamiko la kambi ya mkandarasi, na mbaki na nakala yenye muhuri. Muda wa mkandarasi kurekebisha kasoro mara nyingi ni miezi 12 tangu kukabidhi. Usisubiri masika ya pili.