Mrejesho: riwaya ya mapenzi na mtoto wa kuasili

Asanteni sana wadau. Niliuliza vipi mhusika wangu Mwingereza atamwasili mtoto wa kike wa Jinja, Uganda, bila mambo ya mahakama kuyafunika mapenzi ya riwaya. Nimefuata sheria ya watoto ya Uganda, marekebisho ya 2016, mliyonielekeza: mgeni akae Uganda angalau mwaka 1, amlee mtoto mwaka 1 chini ya afisa ustawi wa jamii, ndipo maombi yaende Mahakama Kuu. Mwaka huo ndio umeibeba riwaya. Wapenzi wanapata muda wa kuzoeana. Na kile kifungu cha mwanamume anayeomba peke yake kutopewa mtoto wa kike pasipo sababu maalumu kimeleta mvutano mzuri kweli! Kusimulia kwa barua hakukufaa: sauti ya mtoto ilipotea, nikarudi kwenye mazungumzo. Sura ya hukumu bado nzito, naendelea kuipunguza.