Days Gone: saa 10 za kwanza ni mateso ya bidoni ya esanse (petroli), kitu kizuri wamekificha nyuma

LavaNyeusi (Goma)

Bandugu, uzi huu ni wa malalamiko. Anayetaka sifa aende uzi mwingine. Gemu hili lilitoka kwa PS4 tarehe 26 Aprili 2019, kwa hiyo msije na "subiri walirekebishe". Sasa CD zake za okazyoni, zilizokwisha tumika, zimejaa sokoni na kila wiki kuna mtu anauliza kama anunue. Asome hapa kwanza.

Pikipiki ndiyo roho ya gemu. Dunia imekufa, Oregon imejaa mazombi ambayo wenyewe wanayaita Freaker, na Deacon St. John hana mutoka, hana farasi, ana moto tu, yaani pikipiki. Wazo zuri! Mtu wa Goma analielewa kabla hajaelezwa. Halafu wanafanya nini? Mwanzoni kabisa moto yako nzuri inaibwa, inavunjwa vipuri, unapewa nyingine yenye tangi kama chupa ya dawa ya kikohozi. Hapa kwetu Boxer ukiitilia lita 1 inatoka Birere, inafika Sake, na bado inarudi sehemu ya njia. Ya Deacon inapanda vilima viwili, inashuka kimoja, imekauka. Mtu anayejisifu kuwa kazaliwa barabarani anatembea kwa mguu msituni na bidoni mkononi, na akiwa ameshika bidoni hawezi kupiga risasi mpaka aitupe chini. Hata motari wa wiki ya kwanza angeona aibu.

Usiniambie ni uhalisia. Tangi limefanywa dogo kwa makusudi, ili ulinunue kubwa kwa fundi wa kambi. Na hapo ndipo penye ujanja wa pili: kila kambi ina kredi zake na imani yake. Ulichochuma kambini kwa Copeland hakitumiki kambini kwa Tucker. Ni kama franka ya Goma ikataliwe ukishuka bandarini Bukavu. Kwa Copeland nguvu iko kwenye vipuri vya moto, kwa Tucker iko kwenye bunduki, na wewe huna kitu huku wala kule. Mgeni anagawa kazi zake nusu kwa nusu, anafika saa ya 8 ya mchezo akiwa na tangi dogo NA bunduki mbovu. Hapo ndipo watu wengi wanauza CD.

Kama umeshainunua, fanya hivi na usibishane. Masikio yote ya mazombi peleka kwa Copeland peke yake, nyama ya kuwinda pia, mpaka imani ipande kiwango kinachofungua tangi la kwanza. Nunua tangi. Usiguse rangi, usiguse taa, usiguse nitro. Baada ya tangi nunua ekzosi ya kupunguza kelele, maana moto ya mwanzo inaita kila kitu chenye meno, na baada yake mifuko ya pembeni ya kubebea risasi. Bunduki utaokota za maadui. Tucker atasubiri, hana haraka yule mama, watu wanamlimia bure.

Sasa jambo linaloumiza hasa mtu wa mji huu: kuhifadhi mchezo. Unahifadhi ukiwa karibu na moto yako au penye kitanda, basi. Umeiacha moto kilimani ili usisikike, umeingia kambi ya maharamia, umeua 9 kati ya 10, umeme unakatika. Umerudi kilimani. Waliobuni hili wanaishi mahali ambapo taa haizimi. Dawa yake si gemu, ni onduleri (UPS) yenye betri ndani, inayoshikilia umeme ukikatika. PS4 Slim imeandikwa wati 165 kama kiwango cha juu kabisa, ongeza televisheni ndogo, onduleri ya 650 VA inakupa dakika chache za kukimbilia moto, kufungua menyu, kuhifadhi na kuzima vizuri. PS4 Pro imeandikwa wati 310, kwa hiyo hiyo 650 itabanwa; tafuta kubwa zaidi. Na ukiichomeka kwenye grupu (jenereta) bila stabilizatere ya kutuliza umeme, usije kulia hapa.

Kuhusu magrupu: vituo vya NERO, lile shirika la serikali ndani ya gemu. Hivi navisifu, shingo upande. Unafika, kituo kimefungwa, unatafuta bidoni ya kutilia grupu ili mlango ufunguke. Mgeni anafurahi, anatia esanse, anawasha. Spika za kituo zinaanza kupiga kelele na mazombi ya mtaa mzima yanakuja. Zunguka KWANZA. Fuata nyaya kutoka kwenye nguzo, tafuta spika juu ya mapaa na nguzo, kata kila moja. Moja ukiisahau ni sawa na zote. Vituo vingine vinadai pia fyuzi. Ndani kuna sindano ya kuongeza uhai, pumzi au umakini. Chukua pumzi kwanza, mara mbili mfululizo. Mtu anayekimbia anaishi kuliko mtu mwenye damu nyingi.

Kisha zile misheni za kunyatia watafiti wa NERO, helikopta imetua na wewe unajificha majanini usikilize maneno. Ukionekana mara moja, imeshindikana, rudi mwanzo. Huruhusiwi kupiga. Gemu zima linakufundisha kuchagua njia yako, halafu ghafla wewe ni mwanafunzi uliyechelewa unayepita dirishani kwa mwalimu. Na zile kumbukumbu za Sarah, mke wa Deacon, za kutembea polepole huku kijiti kimesukumwa mwisho! Kwenye PS4 zinakatwa na skrini nyeusi, unapakia, unatembea hatua 20, unapakia tena.

Nimefika kwenye hasira yenyewe. Juni 2016, pale E3, maonyesho makubwa ya magemu, Sony walifunga onyesho lao kwa gemu hili: kiwanda cha mbao, mtu mmoja, mazombi mamia yanamiminika kama maji ya mvua kwenye mtelemko, anaangusha magogo, anapita dirishani, anawasha mapipa. Hicho ndicho tulichouziwa. Kile kiwanda kimo, na kundi lake ni karibu mazombi 500. Lakini misheni yake imewekwa nyuma huko, baada ya masaa na masaa ya kuchoma viota vya mazombi na kusikiliza redio. Kundi ndilo kitu pekee ambacho gemu hili linafanya kuliko mengine yote, na wamelifungia stoo. Mgeni anakata tamaa saa ya 10, anasema "ni gemu la kuokota matambaa", na hakosei, kwa sababu mpaka hapo ndivyo lilivyo.

Kadutu_Manete (Bukavu)

Mukubwa LavaNyeusi, kuhusu kundi niko na wewe. Kuhusu esanse unawadanganya watu.

Moto inakula ukibonyeza gesi. Ukishuka mtelemko, achia, iteremke yenyewe. Oregon ile ni milima mitupu, karibu nusu ya njia ni kuteremka. Chukudu haina tangi na inatoka Kibumba na mzigo wa viazi, na wewe mwenye injini unalia. Pili, pampu za vituo vya mafuta hazikauki. Bidoni nyekundu unazitafuta za nini kama kuna pampu? Zipo nyingi kando ya barabara, zikariri. Gemu limekufanya uwe kadafi (muuza esanse wa barabarani) wako mwenyewe, ndiyo maana yake.

Ulichosahau, na ndicho kinachowamaliza wageni kweli: safari ya haraka ya kwenye ramani, ile ya kuchagua mahali ukafika bila kuendesha, nayo inakula esanse, na haipiti mahali penye viota. Kwa hiyo usichome viota ovyo ovyo. Choma vile vilivyo njiani kati ya kambi na kambi kwanza, ndipo ramani inafunguka. Molotovu (chupa ya kurusha inayowaka) moja kwa kiota kimoja, rudi nyuma, walio ndani watatoka wakikimbia. Hesabu molotovu zako kabla ya kuanza. Sehemu yenye viota vinne ukiwa na tatu ni kujitafutia kesi.

Na vyuma vya kukarabati moto: fungua boneti za magari yaliyotelekezwa, ndimo vimo. Chujio la oili ukilipata ni kizuia sauti cha bunduki, kinachakaa lakini kinasaidia. Magari ya polisi angalia buti. Tahadhari, mengine yanapiga alamu.

LavaNyeusi

Sawa, la kuteremka nalikubali. Lakini kitu kinachohitaji Kadutu nzima ije kukieleza, gemu lenyewe lilipaswa kukisema.

Kamalondo_PC (Lubumbashi)

Huku kwetu watu wanacheza kwa kompyuta, kwa hiyo niongeze upande huo.

Toleo la PC lilitoka 18 Mei 2021. Linataka giga 70 za diski, na kima cha chini ni prosesa i5-2500K, RAM giga 8, kadi ya picha GTX 780 ya giga 3. Kinachopendekezwa ni i7-4770K, RAM 16, GTX 1060 ya giga 6. Laptopu ya ofisi yenye Intel pekee, sahau, usimalize mega zako bure. Ukiwa na GTX 1650 ya giga 4, weka 1080p, shusha vivuli, ukungu na mawingu kwanza, majani baadaye, ubora wa nyuso za vitu (textures) uache katikati. Ukiona linakwamakwama unapoendesha kasi ingawa kadi haijachoka, tatizo ni diski ya kuzunguka; dunia ile inapakiwa huku ukitembea, lihamishie gemu kwenye SSD, diski isiyozunguka. Kwenye PS4 ni fremu 30 kwa sekunde, na kwenye PS5 CD ileile inafika 60. Malalamiko ya skrini nyeusi yanapungua sana hapo.

Mwenye CD na asiye na intaneti ajue jambo moja: anacheza gemu la siku ya kwanza, lile lililokuwa linapoteza sauti na kukwama katikati ya mapigano. Masasisho ndiyo yaliyolitibu, na ndani yake mna hali ngumu ya kuishi (Survival) ya Juni 2019 na mchezo wa kuanza upya na silaha zako (New Game Plus) wa Septemba 2019. Pakua hata kama ni kwa usiku kadhaa. Na kwenye orodha ya nchi za akaunti ya PlayStation, Kongo haimo. Ukichagua Ufaransa, kadi za kujaza ziwe za Ufaransa; ya Marekani haiingii. Kifaransa kimo, sauti na maandishi.

Kadutu_Manete

Na kwa asiyetaka kungoja kiwanda cha mbao: makundi yako 40 kwenye ramani, na machache madogo yamo kaskazini tangu mapema. Gemu halikukatazi, linakunyamazia tu. Mchana yanalala pangoni, usiku yanatoka kula na kunywa. Lifuate kundi moja usiku kwa mbali, ujue njia yake. Mchana rudi, paki moto pua ikielekea mahali pa kutokea, hifadhi, tega mitego mlangoni mwa pango, kisha rusha molotovu moja ndani na ukimbie. Usipige risasi ukiwa umesimama uwanjani. Pita mahali pembamba, dirisha, uchochoro kati ya makontena, wabanane, ndipo ugeuke utupe ya pili. Pumzi ikifika robo acha kupiga, kimbia tu. Ukiishiwa vitu, panda moto uondoke. Uliowaua hawarudi, kundi linabaki pungufu mpaka utakaporudi.

LavaNyeusi

Hili la mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote. "Uliowaua hawarudi." Ni kanuni nzuri kabisa, ingemfanya mgeni ajaribu kundi tangu saa ya 3 bila hofu, na hakuna popote mwanzoni panapomwambia. Wamepata nafasi ya kutufundisha kufungua boneti, kufunga kitambaa jerahani na kuokota mimea. Hilo hapana.

Waliouliza kama wanunue: okazyoni, ndiyo, kama una onduleri. Kwa bei ya mpya, hapana. Na kabla hujamlipa muuzaji, geuza CD uiangalie kwenye mwanga, halafu iwekwe ndani ya PS4 yake usubiri usakinishaji ufike mwisho mbele ya macho yako. Mchubuko unaoizuia CD unaonekana hapo hapo kwenye kunakili, asilimia zinasimama na feni inalia.