Miche ya mikoko inakufa, tunakosea wapi?

Wakuu, kikundi chetu huku delta ya Rufiji tulichomeka zile mbegu ndefu za mkoko mbele kabisa kwenye tope linaloangalia bahari, miezi 3 tu vimebaki vijiti vimegandwa na chaza. Shida nini?

Jibu: Pole mkuu. Mkoko huo wa mbegu ndefu hautaki mbele, huko ni kwa mlilana na mchu, aina nyingine za mikoko, ndo inahimili mawimbi. Rudi nyuma kidogo.

Jibu: Na kabla ya kupanda cheki maji, kama kuna tuta la shamba la mpunga au chumvi lililoachwa litoboe maji yapite, bamvua (yale maji kujaa makubwa) italeta mbegu yenyewe, sisi hatukununua hata mche mmoja.

Muuliza: Duh! Tulipanda mbele sababu ndo palikuwa wazi 😅