Eti "tuta ndilo refu"! Fundi wa koilova kaniaibisha mbele ya mama mkwe

#1 (mwanzisha uzi)
Wakuu, wasimamizi naomba msiunganishe uzi huu na mwingine wowote. Naandika mikono inatetemeka, gari imenasuliwa kwenye tuta saa moja iliyopita.

Simtaji. Kila mwenye Mark X, Altezza au Crown hapa Dar anamjua: yule anayevaa miwani ya jua mpaka saa tatu usiku, anaongea na mteja kichwa kikiwa ndani ya fenda. Mshamjua.

TUTA NDILO REFU! Mtu kala hela yangu halafu ananijibu tuta ndilo refu!

Mimi nina Mark X, ile GRX120, lita 2.5. Shoku za zamani zilikufa, nikipita 100 gari inanesa kama mtumbwi umekatiwa mawimbi na boti ya Zanzibar. Nikaenda kwake nikijua ninachotaka: shoku za KYB zile za bluu, springi za kushusha sentimita 3 tu, bushi mpya, alaimenti ya kunyoosha matairi, narudi nyumbani. Akacheka mpaka akashika ukuta. Eti hizo ni za wazee wanaowahi ibada ya kwanza. Chukua koilova, bosi, shoku na springi kitu kimoja, unapandisha na kushusha gari utakavyo, springi ngumu za kilo 10 kwa milimita pale mbele, gari itanata kwenye lami kama kupe. Milioni 1 na laki 9 zikanitoka.

Akaishusha mpaka kidole hakipiti kati ya tairi na fenda. Wakuu, nilikuwa nikikanyaga kizibo cha soda najua ni cha Fanta au cha Pepsi. Figo zangu zimebadilishana upande.

Leo nimempokea mama mkwe stendi ya Mbezi, katoka Moshi na mkungu wa ndizi. Tumefika Tabata, mita mia mbili kabla ya nyumbani, gari ikalala tumbo juu ya tuta. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Mama mkwe akashuka. Mkungu ukashuka. Bodaboda sita wakanyanyua gari huku wanaimba. Nikampigia fundi, simu iko spika: "Bosi, gari haina shida, tuta ndilo refu." Mama mkwe kasikia kila neno! Akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Baba, hii gari umeazima?"

Tuta ndilo refu? Tuta liko pale tangu sijaoa!

#2
Pole mkuu. Ila bodaboda walikuwa wanaimba wimbo gani?

#3
Umeambiwa koilova na mtu wa miwani ya jua usiku, ukakubali. Mama mkwe ana haki ya kuuliza.

#4
Mkuu, kosa si koilova. Kalegeza ile ringi ya springi ili gari ishuke. Koilova nyingi nzuri zinashushwa kwa kuzungusha bodi kwenye mguu wake wa chini, mchezo wa shoku, yaani nafasi yake ya kupanda na kushuka, unabaki ule ule. Ukilegeza ringi unakula mchezo, shoku inagonga mwisho kila shimo. Piga jeki gurudumu lining'inie, uone kama springi inachezacheza mahali pake. Na kama hakufanya alaimenti, tairi zitaliwa upande wa ndani mpaka waya.

#5 (mwanzisha uzi)
Springi inacheza kama njuga! Na nilipouliza alaimenti alisema "gari itajizoesha". Halafu leo tuta ndilo refu!

#6
Afadhali wewe umepata mpya. Mimi wa Impreza nimeuziwa "KYB orijino" kwenye boksi jipya, wiki ya pili zinavuja mafuta. Kukwangua rangi kwa kucha, chini kuna rangi nyingine na kutu. Shoku chakavu imepigwa rangi!

#7
Watu wa Subaru kila uzi mnalia nyie.

#8
Mwanzisha uzi, zile springi zako za mwanzo unazo? Nina GRX120, nazitafuta. Rudisha urefu wa kiwandani, weka shoku nzuri, lala usingizi.

#9 (mwanzisha uzi)
Alibaki nazo yeye, alisema ni chuma chakavu.

#10
Ngoja. Mimi juzi kaniuzia springi za GRX120 laki mbili. Zilikuwa na alama ya rangi gani?

#11
😂😂😂

#12
Tuseme ukweli, matuta ya mitaani nayo yamezidi. Kwetu jirani kamwaga zege lake usiku, halina rangi wala kibao. Hata Noah inakwaruza.

#13
Mafundi wote lao moja. Fundi cherehani wangu ana suti yangu tangu Pasaka, harusi ya mdogo wangu imepita nimevaa ya shemeji, mikono inaishia kwenye kiwiko. Kila nikipiga simu, "imebaki vifungo tu".

#14
"Imebaki vifungo tu"! Fundi huyo yuko Ilala, ana kengeza kidogo?

#15 (mwanzisha uzi)
Wakuu turudi kwenye mada. Nimpeleke wapi mtu wa namna hii? TUTA NDILO REFU!

#16
#14 ndiye huyo huyo, umemjuaje?

#17
Ana gauni la mke wangu mwezi wa nne huu.

#18
Na kitenge changu cha sendoff! Jamani tumwendee Jumamosi pamoja, nani ana gari?