Je, orodha za ubora katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani zinatenda haki?

Mtakwimu wa Jioni (mwanzisha mada):

Ndugu wanajukwaa, nimefuatilia futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani (ile ya mpira wenye umbo la yai, si soka) kwa misimu kadhaa sasa, na kila ifikapo Desemba swali moja hunirudia. Mwaka 2023 timu ya Florida State ilishinda mechi zake zote 13 na kutwaa ubingwa wa konferensi yake (kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja) ya ACC, lakini kamati ya uteuzi, inayopanga orodha ya ubora na kuchagua timu za mtoano, ikaipanga ya tano wakati nafasi za mtoano zilikuwa nne tu. Texas na Alabama, zilizopewa nafasi mbili za mwisho, zilikuwa zimepoteza mechi moja kila moja. Maelezo tuliyopewa ni kwamba kwotabeki wa Florida State, Jordan Travis, ambaye ndiye aliyeongoza mashambulizi yote, alikuwa ameumia mguu mwezi Novemba, na kwa hiyo timu iliyobaki haikuwa tena ile iliyojipatia ushindi ule.

Siitilii shaka nia ya wajumbe. Ninachotaka kujua ni kitu gani hasa kinachopimwa na orodha hii: je, ni yale ambayo timu imekwisha kuyatenda uwanjani, au ni yale ambayo wajumbe wanadhani itayatenda ikikutana na wakubwa wenzake? Na ikiwa udhaifu uko kwa binadamu, kwa nini hesabu za kompyuta zilizokuwa zikitumika zamani zisirudishwe?

Mlinzi wa Pembeni:

Ndugu Mtakwimu, kabla ya kuilaumu kamati ni vyema tuutazame ugumu wa kazi yenyewe. Katika ligi ya soka yenye timu 20, kila timu hukutana na kila mwenzake nyumbani na ugenini, na mwisho wa msimu msimamo hujipanga wenyewe bila mtu yeyote kuulizwa maoni yake. Kwenye daraja la juu la vyuo vikuu vya Marekani kuna timu zaidi ya 130, na kila moja hucheza mechi 12 kabla ya fainali za konferensi, nyingi kati ya hizo zikiwa dhidi ya majirani zake wa konferensi. Maana yake ni kwamba timu mbili zinazogombea nafasi moja mara nyingi hazijawahi kuonana, wala hazina mpinzani hata mmoja waliyecheza naye wote wawili. Hapo lazima mtu akisie, na tofauti iko tu katika nani anayekisia na kwa kipimo gani.

Sasa rudi kwenye Desemba ile. Alabama ilikuwa imetoka kuifunga Georgia, iliyokuwa ya kwanza katika orodha, kwa pointi 27 kwa 24 kwenye fainali ya konferensi ya SEC. Kuiacha bingwa wa SEC nje kulionekana kuwa jambo zito. Lakini mwezi Septemba Texas ilikuwa imekwenda nyumbani kwa Alabama na kuishinda 34 kwa 24, kwa hiyo ukiingiza Alabama huna uso wa kuiacha Texas. Washington na Michigan hazikuwa zimepoteza mechi. Ukizihesabu hizo nne, nafasi zimekwisha, na Florida State imebaki mlangoni.

Hata hivyo mimi naamini kamati ilikosea, na nitasema kwa nini. Fainali ya ACC dhidi ya Louisville, Florida State iliicheza na kwotabeki wake wa tatu, kijana wa mwaka wa kwanza, kwa kuwa wa pili naye alikuwa ameumia. Ikashinda 16 kwa 6. Mchezo haukuvutia, nakiri, kwani mashambulizi yalikwama na walinzi ndio walioibeba timu hadi kipenga cha mwisho. Kanuni ziliiruhusu kamati kuzingatia wachezaji wasiopatikana, lakini ushindi ule ulipatikana baada ya majeraha, na ulikuwa ushahidi halisi mbele ya makisio. Wapo wanaotaja kipigo cha 63 kwa 3 ambacho Florida State ilikipata baadaye kutoka kwa Georgia kwamba kinaithibitisha kamati. Hakithibitishi kitu, kwa sababu wachezaji wengi wa kutegemewa walikuwa wamejiondoa baada ya kunyimwa nafasi.

Karatasi na Kalamu:

Nitajibu sehemu ya kompyuta pekee. Mfumo wa BCS ulitumika kuanzia msimu wa 1998 hadi 2013, ukichanganya kura za binadamu na hesabu za kompyuta ili kupata timu mbili za kucheza fainali. Msimu wa 2003 Oklahoma ilifungwa 35 kwa 7 na Kansas State kwenye fainali ya konferensi yake, lakini kompyuta ziliendelea kuibeba, ikaenda kwenye fainali ya taifa kukutana na LSU. USC, iliyokuwa ya kwanza katika kura za waandishi na za makocha pia, iliachwa nje. LSU ikashinda 21 kwa 14, waandishi wanaopiga kura ya shirika la habari la Associated Press wakampa ubingwa wao USC, na nchi ikawa na mabingwa wawili kutokana na mfumo uliobuniwa ili kukomesha jambo hilohilo.

Lipo pia suala la uwazi. Kati ya kompyuta zilizotumika, ni ya Wesley Colley tu ambayo kanuni yake ilichapishwa kikamilifu. Mwaka 2010 ikagundulika kwamba katika data zake kulikosekana matokeo ya mechi moja ya daraja la chini, kati ya Appalachian State na Western Illinois. Mechi hiyo moja, ambayo mashabiki wengi hata hawakujua kuwa imechezwa, ilitosha kubadilisha nafasi za LSU na Boise State, ya 10 na ya 11, katika orodha ya mwisho. Kosa lilionekana kwa kuwa hesabu iliwekwa hadharani. Makosa ya wale waliozificha hesabu zao, kama yalikuwapo, yamekwenda nayo.

Shabiki wa Mbali:

Mbona mada hii imepitwa na wakati? Tangu msimu wa 2024 nafasi ni 12, na Ohio State iliyopangwa ya nane ndiyo iliyotwaa ubingwa. Timu nne zilizopewa heshima ya kuvuka raundi ya kwanza bila kucheza zilifungwa zote. Panueni mlango, ugomvi utakwisha.

Mlinzi wa Pembeni:

Ndugu Shabiki, ugomvi umehama tu kutoka nafasi ya tano hadi ya kumi na moja, kwa kuwa baadhi ya nafasi 12 huwekewa mabingwa wa konferensi hata wakiwa chini kwenye orodha, na hivyo wa 11 anaweza kubaki nje. Msimu wa 2025, katika orodha iliyotangulia ile ya mwisho, Notre Dame ilikuwa ya 10, BYU ya 11 na Miami ya 12. Mwishoni mwa juma lililofuata Notre Dame haikucheza, na Miami nayo haikucheza. BYU ndiyo iliyofungwa ikashuka, na mara Miami na Notre Dame zikajikuta zimekaa bega kwa bega. Hapo ndipo kamati ilipokumbuka kwamba Miami ilikuwa imeishinda Notre Dame 27 kwa 24 mwanzoni mwa msimu, ikaiingiza Miami na kuiacha Notre Dame. Binafsi naona Miami ilistahili. Kisichoeleweka ni kwa nini matokeo yaliyojulikana tangu Agosti yalihitaji BYU ifungwe ndipo yapate uzito.

Mtakwimu wa Jioni:

Nawashukuru. Mfano huo wa mwisho umenijibu zaidi ya nilivyouliza, maana sasa naona kwamba vipimo hubadilishwa kulingana na timu zilizokaa jirani kwenye karatasi. Florida State ilipimwa kwa makisio ya kesho, Miami ikapimwa kwa matokeo ya miezi mitatu nyuma, na wajumbe wanaweza kuvitetea vyote viwili kwa kanuni zilezile.

Kwa hiyo sidai tena kompyuta. Ningependa kwanza kanuni itamke wazi kama tunatafuta timu bora au timu iliyostahili, na pili kila mjumbe aonyeshe alivyopanga. Waandishi wanaopiga kura ya Associated Press, ambayo imekuwapo tangu 1936, orodha zao hutangazwa kwa majina kila wiki, na yeyote aliyeipanga timu mahali pa ajabu huulizwa na mashabiki kabla ya jua kuzama. Kura za wajumbe wa kamati ya uteuzi hazijulikani, na mwenyekiti hujitokeza kwenye televisheni kusema kwa niaba ya wote.

Karatasi na Kalamu:

Hilo la pili naliunga mkono. La kwanza hawatalikubali, kwa sababu wakishachagua neno moja hawataweza tena kulitumia lile lingine Desemba ijayo.