Nani anazizima jeni za VVU ndani ya seli, na nani anaziwasha?

Mdadisi: Wanajukwaa, naomba ufafanuzi. VVU hugeuza RNA yake kuwa DNA na kuichomeka ndani ya kromosomu za seli. Mtu anayetumia ARV ipasavyo hupimwa na virusi visionekane katika damu, lakini akiacha dawa kwa kawaida hurudi baada ya wiki chache. Ikiwa jeni hizo zimo humo muda wote, ni nani anayezizima: virusi au seli?

Mkaa Maabara: Kwa VVU, mwenye neno la kwanza ni seli. Mwanzoni mwa DNA ya virusi kuna kipande kiitwacho LTR, ambacho ndicho swichi yake, nacho hungoja protini za seli kama NF-kB, zinazoingia kwenye kiini pale seli ya CD4, yaani seli ya kinga ambayo VVU huishambulia, inapoamshwa kupambana na maradhi. Seli hiyo ikirudi kupumzika na kuwa seli ya kumbukumbu, protini hizo huondoka kwenye kiini, DNA ya virusi hukazwa juu ya histoni (protini ambazo DNA huzungushiwa), na kimeng'enya kinachonakili RNA, hata kikianza kazi, hukwama baada ya herufi 60 hivi.

Anayekikwamua ni Tat, protini ya virusi wenyewe. Hushika kikunjo cha RNA kiitwacho TAR, kilicho mwanzoni kabisa mwa nakala, kisha huivuta P-TEFb, protini za seli zinazokifanya kimeng'enya kilichokwama kiendelee, na hapo nakala nzima yenye herufi zaidi ya 9,000 hukamilika. Nakala zikiongezeka, Tat nayo huongezeka, na Tat ikiongezeka nakala huzidi tena, kama moto unaojipulizia wenyewe. Tat ikipungua mno, moto huo hufifia hata kama jeni zote ni nzima. Ndiyo maana sipendi kusema kwamba VVU "vimeamua" kulala.

Msomaji wa Jeni: Nakubali kwa VVU, ila HTLV-1, kirusi cha retro (yaani kinachogeuza RNA yake kuwa DNA, kama VVU) kilichotangazwa mwaka 1980, kinakaribia zaidi kujinyamazisha. Tax, protini inayowasha jeni zake, ndiyo ambayo seli za kinga huitambua upesi, kwa hiyo hutolewa kwa vipindi vifupi tu. Wakati huo huo uzi wa pili wa DNA husomwa kinyumenyume kuanzia LTR ya upande wa mwisho na kutoa protini iitwayo HBZ, ambayo huizuia Tax na kuihimiza seli igawanyike. Kirusi basi huongezeka pamoja na seli yake, bila kulazimika kutoka nje. Katika saratani ya damu ambayo HTLV-1 huwasababishia baadhi ya watu baada ya miongo kadhaa, mara nyingi Tax haitolewi tena, lakini HBZ ipo.

Mdadisi: Ahsanteni. Basi kwa nini VVU visiamshwe kwa dawa, kinga ivimalize?

Mkaa Maabara: Imejaribiwa. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba vorinostat, dawa inayolegeza histoni, huongeza RNA ya VVU ndani ya seli zilizopumzika za watu wanaotumia ARV. Majaribio yaliyofuata, hata hivyo, hayakuonyesha akiba ya seli hizo ikipungua. Kutoa RNA ni jambo moja, na kutoa protini za kutosha kuonekana na kinga ni jingine, kwa kuwa nakala zisizokatwa (zile ndefu ambazo hazijaondolewa vipande) haziwezi kutoka kwenye kiini mpaka Rev, protini nyingine ya virusi, irundikane. Baadhi ya watafiti sasa wanaelekea kinyume kabisa: wanaizuia Tat ili seli hizo zisiamke tena.