Vitabu 6 vya maarifa kabla ya Krismasi: vya sauti vitoke siku moja na vya karatasi?

Mchapishaji_Ngara

Wadau, hamjambo. Shirika letu la uchapishaji ni dogo, ofisi iko Ngara, na orodha yetu ya mwisho wa mwaka ina vitabu 6 vya maarifa: historia ya reli, wasifu wa kocha wa riadha, mwongozo wa mirathi na ardhi, uendeshaji wa chama cha akiba, ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mapishi ya Pwani. Mkubwa ameshikilia kwamba vyote vitoke Oktoba, karatasi na sauti siku moja, ingawa miswada 2 bado iko kwa waandishi.

Je, vyote 6 vinafaa kusomwa kwa sauti? Tukirekodi wenyewe badala ya kukodi studio, faili zinapimwa kwa vipimo gani? Mikataba yetu inasema "haki za kuchapisha" tu, inatosha? Na ACX (jukwaa la Amazon la kutengeneza na kuuza vitabu vya sauti) haimpokei mchapishaji aliyeko Kenya, kwa hiyo mnauzia wapi?

---

MhaririMkavu

Vyote 6, hapana. Jiulize: mtu aliye kwenye matatu Thika Road, simu mfukoni, ataelewa bila kuangalia kitu? Reli na kocha vinapita. Mirathi na chama vinapita vikiandikwa upya kwa ajili ya sikio. Ng'ombe wa maziwa ana majedwali ya lishe kila sura, mngoje hadi muone mauzo ya vile vingine. Mapishi achaneni nayo kabisa. Mwenye mikono iliyojaa tui la nazi hatarudisha sauti nyuma kutafuta kama iliki ni punje 4 au 6.

Huko kuandika upya ndiko watu hukuruka. Mswada wa sauti ni hati ya pekee, na hutengenezwa baada ya prufu (chapa ya kusahihishia) ya mwisho kusahihishwa. Ukitengenezwa mapema, karatasi itasema hivi na sauti vile. Jedwali linageuzwa sentensi mbili tatu zinazobeba jambo lake kuu, na jedwali lenyewe linaingia kwenye PDF ya kuambatana. "Tazama mchoro 3" inafutwa. Tanbihi inayotaja chanzo tu inaachwa, yenye habari inaingizwa ndani ya aya. Faharasa na marejeleo hayasomwi. Vifupisho kama n.k., k.m. na uk. viandikwe kwa urefu, kwa sababu msomaji akichoka huvisoma herufi kwa herufi.

Miaka pia iamuliwe mapema. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Msomaji akisema "elfu moja mia nane tisini na sita" leo, asiseme "kumi na nane tisini na sita" kesho. Kwenye mirathi kuna mtego mwingine: "Sura ya 160" ni Sheria ya Urithi, lakini msikilizaji atadhani ni sura ya kitabu anachosikiliza. Tajeni namba mara moja, kisha muite sheria kwa jina hadi mwisho.

Halafu matamshi. Wasifu wa kocha utajaa majina ya Kikalenjin, na reli itakuwa na ya Kidholuo, ya Kimaasai, ya Kihindi na ya Kiingereza. Fungueni orodha yenye neno, ukurasa, na rekodi ya sekunde 3 kutoka kwa mtu anayeizungumza lugha hiyo. Maelezo ya matamshi yaliyoandikwa hayasaidii, kila mtu huyasoma kwa lafudhi yake.

---

FundiSauti_Umoja

Naenda kwenye vipimo, maana hapo ndipo faili hurudishwa. Hata kama hamuuzi ACX, fuateni vipimo vyao, kwa sababu faili inayovitimiza haipati shida kwingine: wastani wa RMS (ukubwa wa sauti kwa ujumla) kati ya -23 na -18 dB, kilele (pale sauti inapopanda zaidi) kisizidi -3 dB, kelele ya chumba isizidi -60 dB, MP3 ya 44.1 kHz yenye 192 kbps zisizobadilika. Mono (chaneli moja) yatosha. Kila sura faili yake, isizidi dakika 120. Mwanzoni acheni ukimya wa nusu sekunde hadi sekunde 1, mwishoni sekunde 1 hadi 5. Ukimya huo uwe wa chumba chenu, uliorekodiwa. Ule unaotengenezwa na kompyuta unasikika kama simu imekatika.

Wengi huangushwa na kelele, na sababu yake ni hesabu. Tuseme mmerekodi kwa sauti ya chini, wastani -35 dB, na chumba kinasoma -60. Mnaona mmepita. Mkipandisha dB 15 ili wastani ufike -20, kelele nayo imepanda 15, sasa iko -45. Hapo mtu huvuta kifuta kelele hadi mwisho, na sauti inatoka kama inazungumzia ndani ya bomba. Dawa iko kwenye kurekodi: maikrofoni sm 15 hadi 20 kutoka mdomoni, imegeuzwa pembeni kidogo ili pumzi za p na b zisiigonge moja kwa moja, kichujio cha pumzi mbele yake, vilele vikicheza karibu na -10 dB. Baadaye mtapandisha dB 8 au 10 tu, kwa hiyo chumba kitupu kisome -70 kabla hamjaanza.

Ofisi ya Ngara mchana sahauni. Tafuteni chumba kidogo kisichotazama barabara. Mablanketi mazito ya mitumba kutoka Gikomba, yakitundikwa sm 10 mbele ya ukuta, yanakula mwangwi vizuri sana. Hayazuii ngurumo ya lori wala jenereta ya jirani. Trei za mayai ukutani hazifanyi lolote la maana. Zimeni friji na feni, simu zitoke chumbani, na laptopu itumie betri: chaja nyingi huleta mngurumo wa 50 Hz, na pia stima ikipotea hampotezi kikao. Kuna mvua vilevile. Chini ya mabati hakuna programu itakayoitoa, na vuli huanza Oktoba. Malizeni kurekodi kufikia Septemba.

Rekodini WAV ya biti 24. Saa moja ya mono inakula karibu MB 480, na wekeni nakala mbili mahali pawili. Kila kikao kianze na sekunde 30 za ukimya. Msomaji akikosea, apige kofi moja na arudi mwanzo wa sentensi, asirudi katikati ya neno. Kofi linaonekana kwenye mawimbi kama mstari, mhariri haangaiki kulitafuta.

Usindikaji uende kwa mpangilio huu: ondoeni masafa ya chini ya 80 Hz, haririni makosa, pandisheni RMS hadi -20, na mwisho kabisa wekeni kizuizi cha vilele kwenye -3.5 dB. Mkianza na kizuizi kisha mkapandisha, vilele vitaruka -3 tena. Audacity inafanya yote hayo, na ni ya bure.

Kuhusu muda, kila saa iliyokamilika ihesabieni saa 6 za kazi: kama 2 za kusoma, 3 za kuhariri, 1 ya kusikiliza tena na kupima. Ile hesabu ya maneno 9,300 kwa saa ni ya Kiingereza, msiitumie, maneno yetu ni marefu. Someni kurasa 10 za kitabu chenyewe, pimeni, zidisheni. Vitabu 4 vya saa 7 kila kimoja ni saa 168 za kazi, na msomaji hastahimili zaidi ya saa 3 au 4 za maikrofoni kwa siku kabla koo halijakwaruza.

---

Mchapishaji_Ngara

Ahsanteni sana. Basi tunashuka hadi vitabu 4 vya sauti. Mwandishi wa kitabu cha chama anataka kusoma mwenyewe, mnasemaje? Na bado sijajibiwa la mkataba.

---

Karani_wa_Mikataba

"Haki za kuchapisha" haitoshi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kuhamisha haki au kutoa leseni ya pekee lazima kuwe kwa maandishi, na mwandishi akikuuliza haki ya sauti uliipata kifungu gani utakosa cha kumwonyesha. Andikeni nyongeza ya ukurasa mmoja: toleo la sauti, lugha, nchi, muda, mrabaha (malipo ya mwandishi kutokana na mauzo) kama asilimia ya pato halisi linaloingia kwenu (si ya bei ya dukani, maana masoko ya sauti hubadilisha bei kila wiki), na tarehe ambayo haki itarudi kwa mwandishi kama sauti haijatoka. Pitieni upya ruhusa za watu wengine pia. Barua iliyowaruhusu kunukuu shairi au wimbo kwenye karatasi haiwaruhusu kulisoma kwenye rekodi. Wasifu wa kocha ndio nauogopea hapo.

Msomaji alipwe kwa saa iliyokamilika. Makosa yake ayarudie bure, mabadiliko yenu mmlipe. Wekeni kifungu kwamba sauti yake haitatumika kufunza mashine bila idhini yake. Wasomaji wazuri sasa wanakidai, na wana haki.

ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) mnaomba Maktaba ya Kitaifa, KNLS. Kila umbo lina namba yake: karatasi 6, sauti 4, na kama mna ePub (matoleo ya kusomwa kwenye simu au kompyuta) za vyote, 6 zaidi. Ombeni zote 16 kwa pamoja. Kuitumia namba ya karatasi kwenye sauti kunachanganya rekodi za maduka na maktaba, na kuirekebisha baadaye ni kazi ya kulia.

---

MhaririMkavu

Kuhusu mwandishi kusoma mwenyewe: msimpime kwa ukurasa wa kwanza, huo kila mtu huusoma vizuri. Mpeni sura ya katikati, aisome saa 2 kwa mapumziko mafupi, kisha msikilize dakika 15 za mwisho. Kama mwendo umeongezeka na miisho ya sentensi imeanza kumezwa, asome dibaji tu na sura zisomwe na msomaji wa kazi.

---

Matbaa_Viwandani

Mnahangaika na sauti, lakini nionavyo Oktoba itawaponyoka kwenye karatasi. Miswada 2 bado iko kwa waandishi? Hiyo haiwahi. Hamisheni hiyo 2 msimu ujao.

Kwa iliyobaki, kurasa zigawanyike kwa 16. Kitabu cha kurasa 259 mtalipia 272, na 13 zitakuwa tupu. Mhariri akiondoa kurasa 3 mnashuka hadi 256. Karatasi ya gramu 80 isiyong'aa ina unene wa karibu mm 0.1, kwa hiyo kurasa 256 ni karatasi 128, mgongo karibu mm 13. Mchoraji wa jalada asikisie: aombe karatasi yenyewe kwa mchapaji, apime. Mgongo ukikosewa mm 2, jina la kitabu linapanda juu ya jalada la mbele. Wekeni mm 3 za kukatwa kila upande, picha ziwe dpi 300 (nukta kwa inchi) na za CMYK (rangi za kuchapia). Jalada gramu 250 hadi 300, lenye lamineti.

Kitu kimoja ambacho wateja hawaulizi kamwe: nyuzi za karatasi ziende sambamba na mgongo. Zikikaa upande mwingine, kitabu kilichobandikwa kwa gundi hakifunguki vizuri, kurasa zinajikunja kwenye unyevu, na mgongo unapasuka mapema. Baadhi ya wachapaji hugeuza karatasi ili zitoke kurasa nyingi kwa shiti moja. Liandikeni kwenye oda. Mkiwa na nakala ya mfano, chaneni ukurasa kutoka juu kwenda chini. Ukichanika kwa mstari ulionyooka, mko sawa.

---

MsambazajiCBD

Siku moja kwa karatasi na sauti si lazima, lakini nisingeachanisha kwa zaidi ya wiki 4. Redio na magazeti wanakupa nafasi moja. Msikilizaji akitafuta sauti siku hiyo akaikosa, harudi.

Jueni pia dirisha la maduka. Mwisho wa Septemba kuna Maonyesho ya Vitabu pale Sarit Centre, basi hata kama vitabu havijatoka, pelekeni katalogi na majalada. Kuanzia mwisho wa Desemba maduka yanageukia vitabu vya shule na rafu za mbele zinabadilika zote. Mna Oktoba, Novemba na wiki 3 za Desemba. Maduka mengi yatataka mali kauli (kuwalipa baada ya kuuza), kwa hiyo andikianeni tarehe ya kuhesabu na ya kulipana. Tuseme bei ni Sh1,200, duka likichukua asilimia 35 zimeondoka 420, mrabaha wa asilimia 10 ni 120, uchapaji tuseme 300. Mnabaki na 360 za uhariri, jalada, usafirishaji na sauti yenyewe.

Kwa soko la nje, pitieni kwa msambazaji wa kati kama Author's Republic, anafikisha kwenye masoko mengi kwa pamoja. Mauzo ya Marekani yatawadai fomu ya kodi, ambayo kwa kampuni ni W-8BEN-E. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo kateni asilimia 30 ya mrabaha wa huko kwenye makadirio yenu tangu mwanzo.

Hapa nyumbani uzeni wenyewe kwa M-Pesa na kiungo cha kupakua, ila msimpe mnunuzi ile faili ya 192 kbps. Saa moja yake ni MB 86, saa 7 ni karibu MB 605, na bando la mtu linaisha kabla ya sura ya 5. Toeni nakala ya 64 kbps mono: MB 29 kwa saa, kama MB 200 kwa kitabu chote, na kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma tofauti haisikiki kwenye spika ya simu. Igawanyeni kwa sura ili mtandao ukikatika asianze upya. Jalada la sauti ni la mraba, pikseli 2400 kwa 2400 au zaidi, na lipangwe upya. Jalada la karatasi likivutwa hadi liwe mraba linarudishwa.

---

Mchapishaji_Ngara

Nimempelekea mkubwa: karatasi 4 Oktoba, 2 zisubiri, sauti kuanza na reli. Sampuli ya kusikiliza bure iwe ya dakika ngapi?

---

FundiSauti_Umoja

Dakika 1 hadi 5. Msichukue dibaji wala shukrani. Kateni katikati ya sura yenye tukio, ianze kwenye sentensi inayojitegemea, na muisindike pamoja na sura nyingine ili sauti isiruke mtu akishanunua.